Herufi Kumi na Tatu

Duka la Rimvydas liko chini ya ngazi, mjini Kaunas,
mtaa ambao jua hulipapasa dirisha
saa moja tu kwa siku, tena kiangazi.
Huchonga namba za milango, majina ya mbwa,
vibao vya makaburi,
na kila Novemba bamba moja la shaba
la kupigiliwa kwenye ubao wa mwaloni maktabani
wanapopangwa washindi wa tuzo ya riwaya.

Kipimo ni kile kile cha baba yake:
sentimita tisa. Zinamtosha mwanamume
mwenye ukoo mfupi.
Na neno "mshindi" limeshapigwa chapa kiwandani,
mabamba hamsini kwa mpigo, kuokoa gharama,
na mkia wake -as,
mkia unaovaliwa na wanaume.

Lugha yangu haina habari hizo.
Mshindi ni mshindi, hana suruali, hana sketi.
Ndiyo maana nilichelewa kuelewa.
Lakini usinicheke:
nimehesabu majina kwenye kuta zetu pia.

Mwaka huu simu ililia.
Katibu wa kamati, sauti ya mtu mwenye mafua:
"Baltrukonienė. Teodora. Zibanebane tu, bwana."
Akahesabu kwa vidole vyenye vumbi la shaba.
Kumi na tatu, na hapo ni ukoo tu.
Marehemu mume alimwachia jina refu
na deni la mashine ya kufulia.

Riwaya saba. Mara tano gazeti liliandika
"pia ilizingatiwa",
naye akayakata maneno hayo kwa mkasi wa samaki,
akayabandika jikoni, juu ya ndoano ya mwiko.
Mhakiki mmoja alikisifu kitabu chake cha tatu
kwa joto lake la mekoni.
Kitabu kile hakina meko.
Kina reli, na behewa, na theluji,
na mtoto anayeulizia maji hadi ukurasa wa tisini.

Alikuja dukani Jumanne, buti zikichuruzika.
Rimvydas akaanza kuomba radhi, akamwonyesha kipimo.
Hakukitazama. Mkobani akatoa karatasi
yenye majina mawili na miaka miwili:
Grybaitė, sitini na nne.
Jurkšienė, themanini na tatu.

"Hawa mliwachonga wanaume. Anza na hao."
"Na lako?"
"Mimi ni mzima. Nikiulizwa, nitajibu mwenyewe."

Akaenda na bisibisi maktaba ilipofungwa.
Skrubu moja ilikuwa imeota kutu, akaivunja.
Nyuma ya bamba la Jurkšienė
mwaloni ulikuwa bado mweupe,
kama nyama ya mkate.
Akaukwangua ule mkia, akachonga ė.
Herufi moja mahali pa mbili:
pakabaki pengo, linang'aa kuliko maandishi.
Vumbi alilikinga kiganjani,
hakujua pa kulimwaga,
akalitia mfuko wa shati.

La Teodora alilikata kwenye shaba nyingine,
mabaki ya kibao cha daktari wa meno.
Sentimita kumi na nne. Hakubana kitu.
Lilivuka ukingo wa ubao kwa vidole viwili,
likachomoza upande wa ngazi.

Siku ya tuzo waliongea wengi.
Yeye alisema asanteni,
akauliza kama kiti kile kina mtu.

Sasa wapandao ngazi hunaswa mikono ya sweta.
Mfagiaji hukuta nyuzi pale kila Jumatatu:
za bluu, za kijivu, wiki iliyopita moja nyekundu.
Kamati imelalamika. Imemwita fundi
aje alipunguze kabla halijamjeruhi mtu.

Alikuja. Akapitisha kidole gumba pembeni,
polepole, kama apimaye makali ya kisu chake mwenyewe.
Akasema atarudi.
Tupa ilikuwa mkobani muda wote.