Pai ya Ndimu, Titusville

Kichana cha plastiki kilichoshika kurasa
kimeng'oka meno mawili.
Akina mama wa kanisa walikichapisha kitabu
ili wazibe paa lililovuja.

Ukurasa wa arobaini na moja:
pai ya ndimu, ya Verna Lindqvist.
Wino wa mumewe umepita juu ya mayai:
"Huko juu tunakamua chakula
kama dawa ya meno.
Mnibakizie kipande. Dale."

Dalali anainua sahihi hiyo kwenye taa,
anataja bei, anameza mate.

Mimi nimeinamia penseli iliyo chini yake,
hafifu, imelala upande.
"Yatosha watu sita."
Sita imepigwa mstari.
Watano.

Na pembeni, mkono uleule,
labda mwaka mwingine:
ndimu za sasa kali,
ongeza sukari.