Nyota ya Kopo

Mama huifunga kwa kipande cha kitenge
mwaka mzima, juu ya kabati, kama mtoto mchanga.
Zamani ilikuwa kopo la maziwa ya unga.
Baba alilikata kwa mkasi wa fundi viatu wa Kadutu,
mwaka ule barabara ilifungwa, mshahara haukufika.

Pembe tano, moja fupi:
hapo mkasi uliteleza.
Akanyonya kidole, akasema imetosha,
Noeli haipimwi kwa rula.

Sasa Nabintu ameleta ya plastiki, inabadili rangi.
Nzuri, Mama amesema, iwekeni dirishani.

Yeye anapanda kiti, magoti yakilia,
na ile ya kopo mkononi.
Anaigeuza kwanza. Nyuma maandishi bado yanasomeka:
*Tumia kabla ya*

Tarehe ilifagiliwa pamoja na vipande.