Kituo cha Saba

Barua imetoka Oslo, mwandiko umelala kama nyasi:
"Bibi Olascoaga, nimezunguka mara tatu.
Kituo cha saba hakipo.
Vingine vyote nimeviona. Nashukuru kwa ramani."

Ramani ni yangu. Niliichora kwenye meza ya manispaa
mwaka ule printa ilipokuwa ikitafuna karatasi:
Montevideo kwa Miguu, Jiongoze Mwenyewe,
vituo tisa, saa mbili na nusu, vaa raba.
Basi leo, Jumapili, nimeikunja mfukoni,
chupa ya maji moto kwapani, kibuyu cha yerba mkononi
kama kila mtu wa hapa,
nakwenda kujikagua.

Cha kwanza, jumba la Salvo. Lipo. Lingekwenda wapi?
Keki ya harusi
ambayo bwana harusi hakutokea.
Cha pili, mpanda farasi wa shaba, njiwa kichwani.
Cha tatu, lango la ngome. Ngome ilibomolewa,
lango likasazwa, mlango wa nyumba isiyokuwepo.
Kushoto wazi, kulia wazi,
na bado watu hupanga foleni wapite katikati.
Nami nikapanga.

Niliandika: dakika nne hadi chemchemi ya Matriz.
Nilikuwa na miaka thelathini na minane na magoti mapya.
Leo ni saba, na moja ya kupumua,
na nyingine ya kumtazama mzee auzaye vitasa,
vitasa tu, bila milango, juu ya shuka.
Huyo hamo kwenye ramani. Angekuwamo.

Cha tano nakiruka. Ni benki. Wakubwa ndio waliokitaka.

Cha sita, soko la bandarini: moshi hukupokea kabla ya mlango,
mbavu za ng'ombe zinalia juu ya makaa,
mhudumu ananivuta mkono kwa Kiingereza.
"Mwanangu, mimi ni wa hapa."
Akaona haya. Kisha: "Basi nusu bei."

Kutoka hapo, niliandika, hatua arobaini, pinda kushoto,
tazama juu: mwavuli mwekundu wa bati.

Nikapinda. Nikatazama juu.
Anga.
Chini yake magari kumi na tisa, na bango la bei kwa saa.

Hapa shangazi Zulma alishona miavuli.
Katika mji ambao pampero likivuma
huivunja mbavu kama kuku, hakukosa kazi,
alikosa wa kumlipa. Nilimshikia uzi baada ya shule.
Mkono wake mmoja ulinuka mpira, mwingine machungwa.
Je, bati lilikuwa bado linaning'inia siku ile nachora?
Zamani ningeapa. Sasa siapi.
Kalamu ilimpa shangazi namba
kati ya soko na gati, bosi akagonga muhuri bila kusoma.

Mlinzi wa maegesho akatoka kibandani. Wilmar, akasema.
Akaiona karatasi. "Wewe wa kumi na mmoja mwezi huu.
Wote hutazama juu, midomo wazi.
Mimi huwaonyesha ile."
Ukutani mwa jirani, juu kabisa, chuma kilichopinda,
kutu tupu, na unyoya.
"Huwaambia ilikuwa taa ya hospitali. Kisha hununua maji."
"Ulikuwa mwavuli," nikasema.
"Mwavuli." Akaujaribu mdomoni. "Huo utauza zaidi.
Ila usikifute, bibi."

Nikamimina yerba, nikampa. Alivuta hadi kibuyu kikakoroma.
Nikarudi sokoni, nikahesabu upya toka mlangoni,
nikatoa penseli:
hatua hamsini na mbili. Muulize Wilmar.

Kisha cha nane, ukuta wa mawe unaoingia mtoni,
mto usio na ng'ambo, rangi ya chai ya maziwa,
na upepo, mvunja miavuli yule yule,
ukaja kuitaka ramani.
Nikaikalia.