Bega la Kushoto

Watu wa Kitunda wakiuliza, "Hii ya kuvulia nini?"
Dadi Nambunga hujibu, "Haivui. Inakimbia."
Boti ya faiba, nyembamba, pua imechongoka,
ubavuni imeandikwa NIPISHE kwa rangi iliyobaki ya geti.
Nyuma mashine mbili, farasi mia na hamsini kila moja,
na zote mbili zinazungukia kulia.

Hapo ndipo maradhi.
Ukifungua moto boti inaomba kulia,
inaomba, inaomba, kama mtoto aliyeona ubuyu,
na Dadi, mkono wa kulia kwenye moto,
wa kushoto umening'inia kwenye usukani, unaikatalia.
Miaka mitatu.
Somoe, anayemshonea kanzu pale sokoni Lindi,
hapimi tena. Bega la kushoto anaongeza inchi, basi.

Pesa za korosho, mnada wa tatu, ziliingia Alhamisi.
Ijumaa, baada ya sala, alikuwa mlangoni kwangu
na karatasi mkononi. Mkewe hakuwa na habari,
au alikuwa nazo akanyamaza; sikuuliza.

Tuliipandisha mchangani.
Chande, kijana wangu, akalala chini ya dashibodi
akaivuta keboli ya zamani: mita tano za kutu,
nzito kama mguu wa mdaiwa.
Mahali pake tukapitisha hosi mbili,
pampu mbele, silinda nyuma,
na fimbo ya kuzifunga mashine pamoja
ili moja isigeuke kabla ya mwenzake.

Kisha mafuta. Kisha kutoa upepo,
usiku mzima, simu mdomoni ikimulika.
Povu moja tu likibaki ndani ya hosi
usukani unakuwa ahadi ya kampeni:
unazunguka vizuri,
huku nyuma hakuna kinachosogea.
"Zungusha. Simama. Zungusha."
Nati nikifungua, nati nikifunga,
hadi povu la mwisho likapasuka kama mate.

Asubuhi mashine ya kushoto tukaivua mguu
tukaivika mwingine, wa kuzungukia kushoto,
propela ya stenlesi, mapanga manne.
Dadi akaona nimekosea.
"Fundi, hizi zitapigana."
Sikumjibu. Nilichukua ovaroli iliyolowa,
Chande akashika miguu, mimi mabega,
yeye akasokota huku, mimi kule.
Tungesokota upande mmoja
ingezunguka tu, na maji yake ndani.
Yakachuruzika mchangani.
"Zinapigana?"
Akakuna kidevu.

Maji yalipojaa tukaishusha,
tukaipa bahari mgongo, tukaelekea mdomo wa Lukuledi.
Akafungua moto,
na NIPISHE ikakata kushoto, moja kwa moja
kwenye mikoko ya Kitunda.
"Achia!" nikapiga kelele. "Haikuvuti tena!"
"Najua!"
Akairudisha. Ikaenda kushoto tena.
Kichwa kilikuwa kimeshalipa;
bega lilikuwa bado halijapata risiti.

Ilibidi aukalie mkono wa kushoto
kama mtoto anayefundishwa kula.
Moto nikashika mimi.
Yeye, kwa vidole viwili vya kulia, viwili tu,
akaugusa usukani
kama anayepapasa chungu kujua kama kimepoa.
Na ikaenda.
Nyuma yetu povu lilinyooka kama uzi wa cherehani,
na Dadi hakusema neno, alikuwa akiangalia vidole vyake.

Wiki moja kabla ya Idi, Somoe akapiga simu.
Hakumpigia Dadi; alinipigia mimi.
"Fundi, umemfanya nini mteja wangu?
Kanzu imempwaya huku."