Kizimba cha Nne

Kila asubuhi naanza na kuzoa mavi ya panya.
Arobaini, weupe, macho mekundu ya mtu aliyekesha msibani.
Kizimba cha kwanza hupata maji matupu.
Cha pili, choya iliyochujwa mara mbili.
Cha tatu, nikotini, sindano ndogo chini ya ngozi ya shingo.
Cha nne, sindano ileile, na choya juu yake.
Siku ishirini na nane. Sikuruka hata Idi.

Daktari Nyamizi hunieleza akipata nafasi:
"Moshi ni kutu, Lusato.
Unalijua bati la banda lililo karibu na ziwa?
Ndivyo inavyoliwa tezi ya shingo,
ndivyo vile vikofia viwili juu ya figo,
ndivyo korodani. Hailii, haiwashi.
Homoni zinakuwa kama maji ya bomba kwetu mlimani,
yanakuja usiku wa manane, robo ndoo, yanakata."

"Na choya?"

"Rangi. Unaipaka bati kabla halijatoboka."

Saa nne natoka nyuma, napanda jiwe la juu
ambapo ziwa linaonekana mpaka visiwa vinapofifia,
nawasha sigara kwa mkono unaonuka panya.
Hapo hakuna anayenikamata shingo.

Miaka minne mama yangu anatazama tumbo la Nkwimba.
Dada zangu wanalitazama. Jirani wa Igogo analitazama.
Hakuna aliyewahi kunitazama mimi.

Siku ya hadubini daktari alinisogezea kiti.
Kizimba cha tatu: vimirija vitupu,
kama vichanja vya dagaa majuma ya mbalamwezi.
Kizimba cha nne: wamo,
wachache, wametawanyika, lakini wamo.
"Andika nafuu," akasema. "Usiandike uzima.
Na hawa ni panya, Lusato. Usikimbilie sokoni."

Nilikimbilia sokoni.
Kilo mbili, Mlango Mmoja, bila kuomba punguzo.
Nkwimba akachemsha, akamimina vikombe viwili;
amezoea, miaka minne, kila mzizi ulioletwa
ulikuwa wake kuunywa.

Nikamwambia: hicho chako tia sukari,
kunywa kwa sababu ni kitamu tu.
Dawa ni hiki changu.

Akaweka kikombe chini. Akanitazama
kwanza usoni,
halafu mfuko wa shati,
pakiti ikiwa na sigara saba.

Panya hakuwahi kushika kibiriti.