Mwanakerry

Kazi yangu ni kusema "mimi" kwa niaba ya wengine.
Saa moja, pauni kumi na nane, nauli juu yangu.
Mgonjwa akisema titi linaniuma, nami nasema
titi linaniuma, kwa Kiingereza,
uso mkavu, mikono mapajani.
Nimeugua mengi katika zahanati ile ya Hull:
mimba zimenitoka mbili, kaswende nimekuwa nayo,
nimekojoa damu Jumanne, Jumatano nikapona.

Mwanakheri alikuja na mvua ya Februari,
koti la kuazima, uvimbe kwapani
kama kokwa la tende, alisema;
kisha akajisahihisha: kama kungu.
Yote aliyajibu. Alipoulizwa anaishi wapi
akatazama viatu.

Kanuni zinasema mkalimani haongezi neno.
Niliongeza. Nilimwinamia, nikamnong'oneza
lile tulilolelewa nalo sote wawili:
mficha maradhi, kifo humuumbua.
Akacheka kidogo, kwa pua. Akataja nyumba:
chumba cha nyuma, juu ya dobi,
kengele mbovu, gonga dirisha.

Doreen wa mapokezi, mama mwema,
peremende hazimwishi kwenye droo,
aliandika kwa vidole viwili. Jina likamshinda.
Akaandika alivyosikia: Mwanakerry.
Tukaliacha. Nani hubishania herufi
siku anayopimwa nyama ya mwili wake?

Wiki ya tatu ikafika bahasha ya kahawia.
Si ya hospitali.
Wizara ya Mambo ya Ndani inamtaka Bibi Mwanakerry
aeleze yumo nchini kwa kibali gani.

Hakuniletea nimsomee. Kusoma anajua.
Aliniletea nitazame jina.
"Nchi nzima hii," akasema, "ni kalamu moja tu
iliyowahi kuniita hivi."

Hakuna aliyevunja mlango. Faili lilitembea,
au lilitembezwa, sijui na nani.
Dakta Whitlock nilipomwonyesha, rangi ilimtoka;
alisema hajui, nami nilimwamini.
Doreen alilia.
Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema.
Hawasemi kuna mrija chini ya mtungi
unaokwenda nyumba ya pili
usiku na mchana, bila sauti.

Miadi ya Machi hakuja.
Daktari akachagua neno kwenye skrini: Hakuhudhuria.
Orodha ile haina neno jingine la kufaa.
Uvimbe uko mahali, Leeds, Luton, nyuma ya duka la mtu,
nao hauhitaji anwani ili ukue.

Leo yupo mwingine. Kijana, anakohoa,
leso ameikunja asionyeshe ndani.
Anaulizwa anaishi wapi. Hamtazami daktari,
ananitazama mimi.
Methali ile iko ulimini. Naimeza.
"Nimwambie?" ananiuliza, polepole, kwa lugha ya kwetu.
"Amesema nini?" anauliza daktari.

Kanuni ni kanuni: sema kama alivyosema.
"Nimwambie?" namuuliza daktari kwa Kiingereza,
naye anageukia skrini,
vidole juu ya kibodi, havishuki.