Aproni ya Risasi

"Vaa risasi," namwambia Mama Halkano,
naye anarudi nyuma hatua mbili:
kwao Isiolo risasi haivaliwi,
hukwepwa.

Nacheka. Namfunga kamba kiunoni.
Ni madini tu, mama, mazito kama deni;
miale ikigonga hapo, mingi hukwama.
Shika mkono wa mtoto, asijitikise.

Mimi huyo nyuma ya ukuta,
kidole kwenye kitufe. Mara moja.
Sipigi ya pili kwa kubahatisha.

Anauliza kama Halkano atakwenda na sumu nyumbani.
La. Miale hii ni mgeni asiyelala,
imepita, imeacha picha ya mfupa.
Na hata huko nje ipo ya namna yake:
katika ndizi mliyomenya asubuhi,
katika mawe ya ghorofa lenu la Huruma.
Ni kama chumvi, mama. Kosa ni kumwaga.

Beji kifuani pangu huhesabu nisichokiona.
Hupelekwa kusomwa, hurudi;
miaka kumi na mmoja haijanisema vibaya.

Mfupa umevunjika mahali pamoja.
Ninapoinua macho wameshatoka,
na msumari wa aproni uko mtupu.
Nawakuta kwenye lifti,
yeye bado amevaa risasi,
kifua mbele.